Mvua, mashua na nyota iliyokataa kutulia

Leo nawasimulia kisa cha kale, ingawa kwangu kilianzia kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kukokotoa mahali nyota zinapoonekana angani. Kila nilipolinganisha majibu yangu na majedwali ya wanaastronomia, nilikosea kidogo, hadi sekunde 20 hivi za digrii (digrii moja ina sekunde 3,600). Nilitafuta kosa siku mbili nzima. Kumbe tofauti hiyohiyo ilimsumbua mtu mwingine miaka 300 hivi iliyopita!

Mtu huyo ni James Bradley wa Uingereza. Tangu Copernicus achapishe kitabu chake mwaka 1543 na kusema dunia huzunguka jua, watu walitaka ushahidi. Hoja ilikuwa rahisi: dunia ikihama kutoka upande mmoja wa jua hadi mwingine, nyota nayo itaonekana imesogea kidogo. Desemba 1725, Bradley na rafiki yake Samuel Molyneux walianza kuitazama nyota Gamma Draconis kule Kew, karibu na London, kwa darubini ndefu iliyofungwa kwenye dohani la nyumba. Waliichagua kwa sababu pale hupita karibu na utosini, ambapo hewa haipindishi mwanga sana.

Nyota ilisogea kweli, lakini si kama walivyotarajia. Ilipaswa kufika mwisho wa kusini Desemba. Badala yake iliendelea kwenda kusini hadi Machi, kisha ikarudi hadi mwisho wa kaskazini mwezi Septemba. Jumla ni sekunde 40 hivi, na miezi mitatu nje ya hesabu. Wakaikagua darubini. Wakashuku mhimili wa dunia. Wapi! Molyneux alifariki Aprili 1728 bila kulijua jibu.

Inasimuliwa kwamba mwaka huohuo Bradley alikuwa ndani ya mashua kwenye mto Thames. Akaona kibendera cha mlingotini kinabadilisha mwelekeo kila mashua inapogeuka, ilhali upepo ni uleule. Kibendera hakikuonyesha upepo peke yake. Kilionyesha upepo pamoja na mwendo wa mashua.

Hapo ndipo penye hesabu. Fikiria mvua inayoanguka wima kwa mita 8 kwa sekunde, nawe unakimbia mita 2 kwa sekunde. Ili ujue mvua inakujiaje wewe, chora mshale wa mwendo wa mvua, kisha kwenye ncha yake chora mshale wa mwendo wako uliougeuza kinyume. Unganisha mwanzo na mwisho. Pembe ni ile ambayo tanjenti yake ni 2/8, yaani digrii 14 hivi. Ndiyo maana tunainamisha mwavuli mbele.

Sasa badala ya mvua weka mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Badala yako weka dunia, kilomita 30 kwa sekunde. 30/300,000 inatoa pembe ya sekunde 20 hivi. Ile miezi mitatu nayo ikaeleweka: kinachohusika si mahali dunia ilipo bali inakoelekea, na mwelekeo huo uko karibu robo duara na mstari unaoelekea jua. Robo duara ni robo mwaka.

Bradley hakuwa na vekta tunavyoziandika leo. Maandishi hayo yalitokana na kazi ya Gibbs na Heaviside kuanzia miaka ya 1880. Lakini pembetatu yake, iliyochapishwa mwaka 1729, ilikuwa ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja kwamba dunia inatembea. Kwa pembe hiyohiyo alikokotoa kwamba mwanga hutoka kwenye jua hadi kwetu kwa dakika 8 na sekunde 12. Kipimo cha leo ni dakika 8 na sekunde 19. Kile alichokuwa akikitafuta mwanzoni kilipatikana mwaka 1838 tu, kwa Bessel.

Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba miendo inayokaribia ule wa mwanga haijumlishwi hivi kikamilifu, ila kwa mwendo wa dunia tofauti ni ndogo mno.

Nami nilijumlisha vekta moja kwenye programu yangu, ile ya mwendo wa dunia. Majibu yakakubali. Laiti Molyneux angeishi miezi michache zaidi. Haya, tuonane wakati mwingine, na ukinyeshewa leo jioni, angalia mwavuli wako.