Ofseti ya rimu na spesa: mambo ya kuzingatia kabla ya kubadili mkao wa gari

Kasanga, Rukwa

Barabara ya lami ya Sumbawanga–Matai–Kasanga Bandarini, yenye urefu wa takriban kilomita 112, huanzia katika uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuishia katika mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio karibu na mita 770. Hivyo, gari linaloelekea Kasanga hushuka karibu mita 1,000, na linaporejea na migebuka, dagaa au mizigo ya bandarini hulazimika kuupanda ukingo huo likiwa limeelemewa. Katika safari ya namna hiyo, rimu, nati, beringi na breki ndivyo vinavyobeba uhai wa abiria.

Baadhi ya wamiliki wa magari hubadili rimu au kufunga spesa ili magurudumu yachomoze nje na gari lionekane pana. Mabadiliko hayo hugusa zaidi ya sura ya gari. Makala haya yanafafanua maana ya vipimo vinavyohusika, athari zake, na wajibu wa mmiliki kabla ya kuingiza gari barabarani.

Maana ya ofseti

Kila rimu ina uso unaokaa kwenye habu, mahali bolti zinapopita. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya uso huo na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Kwa kawaida kipimo hiki huandikwa kwenye rimu yenyewe kwa herufi ET zikifuatiwa na namba.

Ofseti ikiwa chanya, uso wa kufungia uko upande wa nje wa mstari wa katikati, na gurudumu huingia ndani ya gari. Ikiwa sifuri, uso huo uko katikati kabisa. Ikiwa hasi, uso uko upande wa ndani na gurudumu huchomoza nje. Kwa hiyo kadiri namba ya ofseti inavyopungua, ndivyo gurudumu linavyosogea nje.

Upana wa rimu nao huhesabiwa. Mmiliki akiondoa rimu ya inchi 7 yenye ET 45 na kuweka ya inchi 8 yenye ET 35, ukingo wa nje husogea milimita 22.7: milimita 12.7 kwa sababu ya nusu ya inchi iliyoongezeka upande huo, na milimita 10 kwa sababu ya ofseti. Upande wa ndani, rimu husogea milimita 2.7 tu kuelekea shokapu. Hesabu hii yapasa kufanywa kabla ya kununua rimu.

Kazi ya spesa

Spesa ni kipande cha chuma au alumini kinachowekwa kati ya habu na rimu. Spesa ya milimita 30 ikifungwa kwenye rimu ya ET 45, gurudumu hukaa kama lenye ET 15.

Spesa nyembamba huvishwa kwenye bolti zilezile za gari. Hatari yake ni kupunguza sehemu ya bolti inayoshikwa na nati. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 1.5, nati inapaswa kuingia angalau mizunguko 8 ili kina cha kushika kilingane na unene wa bolti. Spesa ya milimita 5 pekee hula mizunguko zaidi ya mitatu. Bolti zikibaki fupi, hazina budi kubadilishwa kwa ndefu zaidi.

Spesa nene hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu hufungwa kwenye bolti za spesa. Hapo hutokea maungio mawili badala ya moja, na yale ya ndani hayaonekani bila kuvua gurudumu.

Mpangilio wa bolti sharti ulingane na gari. Hilux za magurudumu yote manne hutumia bolti sita katika duara la milimita 139.7, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye bolti tano hutumia milimita 150. Tundu la katikati la spesa likae sawasawa kwenye habu, kwa kuwa likilegea gurudumu hutikisika na bolti hubeba mzigo usio wake.

Si kila spesa hufungwa kwa ajili ya mapambo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya V8, zilizoanza kutolewa 2007, zina ekseli ya nyuma iliyo nyembamba kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95. Baadhi ya wamiliki hupanua nyuma ili magurudumu yafuate njia moja kwenye mchanga na matope. Hata kwa sababu hiyo, kanuni za usalama hubaki zilezile.

Athari kwa gari

Gurudumu likisogea nje, uzito wake huivuta beringi kwa mkono mrefu zaidi. Gurudumu linalobeba kilo 500 likisogezwa milimita 30, nguvu ya kupinda huongezeka kwa takriban nyutoni-mita 147, na shimo barabarani huizidisha. Athari hiyo hutokea hata kwa rimu yenye ofseti ndogo bila spesa yoyote; spesa huongeza juu yake hatari ya maungio ya pili.

Usukani nao hubadilika. Tairi moja ya mbele ikishika lami na nyingine ikikanyaga changarawe wakati wa kufunga breki, usukani huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi upande mmoja. Gari lililobeba mzigo hukaa chini, na tairi ambayo haikugusa digadi gari likiwa tupu huweza kuikwaruza na kukatika kwenye kona ya mteremko.

Ni kweli kwamba upana zaidi hupunguza kidogo kuyumba kwenye kona. Hata hivyo, haufidii mzigo uliopangwa juu ya keria wala mwendo wa kasi.

Wajibu wa mmiliki

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali salama, na askari wa usalama barabarani wana mamlaka ya kulikagua. Aidha, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mmiliki awe na bima ya kulinda watu wengine. Ni busara kuijulisha kampuni ya bima kuhusu mabadiliko yaliyofanywa kabla ajali haijatokea.

Wamiliki na madereva wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kusoma ofseti na upana wa rimu za awali kwenye rimu au kitabu cha gari, na kutoachana navyo bila hesabu.
2. Kutotumia spesa zilizokerezwa bila vipimo, zenye nyufa, au zilizopangwa mbili kwa pamoja.
3. Kuhakikisha umbo la nati linalingana na matundu ya rimu.
4. Kukaza nati kwa mpangilio wa msalaba kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha mtengenezaji.
5. Kukaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100, zikiwemo nati za ndani za spesa. Anayefungiwa spesa Sumbawanga asianze mteremko wa Kasanga kabla ya ukaguzi huo.
6. Kuzungusha usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo, na kuhakikisha tairi haigusi popote.

Dereva akisikia mgongano wa chuma, mtetemo mpya au mvumo unaobadilika kwenye kona, asimamishe gari mahali salama na kukagua magurudumu kabla ya kuendelea na safari. Nati iliyolegea hukazwa kwa dakika chache. Gurudumu lililochomoka mteremkoni halimwachii dereva nafasi ya pili.