Vigezo Vilivyofungiwa Kabatini

Mgonjwa wa akili aliyenyimwa mafao ya ulemavu jijini New York mwaka 1981 alipata barua fupi. Barua ilimwambia kwamba hali yake imechunguzwa, kwamba ameonekana anaweza kufanya kazi, na kwamba kama hakuridhika ana siku 60 za kukata rufaa. Kilichokosekana katika barua hiyo ni kwamba ombi lake halikupimwa kwa kipimo kilichochapishwa katika kanuni. Lilipimwa kwa kipimo kingine, kilichokaa ndani ya nyaraka za ofisi ambazo yeye, daktari wake na wakili wake hawakuwahi kuziona. Haki ya kukata rufaa alikuwa nayo, ila hakujua anakata rufaa dhidi ya nini. Ukiifuatilia historia ya mafao haya nchini Marekani kuanzia miaka ya 1950, utaona kwamba hati zinazoeleza nani anastahili haziwezi kuhesabiwa kuwa mali ya ofisi. Ni sehemu ya mafao yenyewe, na anayezificha amekwisha kumpunguzia mwombaji haki yake kabla hata faili halijafunguliwa.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, iliyotungwa wakati wa Rais Franklin Roosevelt, haikuweka bima kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu kabla ya kuzeeka. Bima hiyo ilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1954 Bunge lilikubali tu kwamba miaka ya ulemavu isimharibie mtu kumbukumbu zake za michango. Mwaka 1956, chama cha madaktari wa Marekani kikiwa kimepinga, Rais Eisenhower alitia saini mafao ya fedha, lakini kwa wenye umri wa kuanzia miaka 50 hadi 64 tu, na sharti hilo la umri liliondolewa mwaka 1960. Sheria ilimtaja anayestahili kuwa ni yule asiyeweza kufanya kazi yoyote ya maana ya kumpatia kipato kwa sababu ya maradhi au kasoro ya mwili au akili. Maneno hayo ni mapana mno kwa karani mwenye rundo la mafaili mezani. Kwa hiyo tangu mwaka 1955 kamati ya madaktari ilisaidia kuandaa orodha ya maradhi na viwango vyake: moyo uwe umechoka kiasi gani, mapafu yapitishe hewa kiasi gani, jicho lione umbali gani. Aliyefikia kiwango alihesabiwa kuwa hawezi kazi. Orodha hiyo ndiyo iliyoamua riziki ya watu wengi, na kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa ya macho ya watumishi tu.

Kufungwa huko hakukuwa ajabu kwa wakati wake. Sheria ya mwaka 1946 iliyohusu uendeshaji wa ofisi za serikali iliziruhusu kuzuia hati kwa kisingizio chochote kilichofanana na sababu, na mwenye kuomba alitakiwa kwanza aonyeshe kwamba jambo linamhusu. Mbunge John Moss wa California alianza kuupinga utaratibu huo mwaka 1955, akaambulia sheria ya uhuru wa kupata taarifa mwaka 1966. Rais Lyndon Johnson, ambaye hakuipenda, aliisaini tarehe 4 Julai huko kwake Texas bila sherehe, jambo ambalo kwa mwanasiasa aliyependa kamera linaeleza mengi. Sheria ilipoanza kutumika Julai 1967 iliagiza, pamoja na mengine, kwamba miongozo ya watumishi inayogusa haki za wananchi iwekwe mahali pa kusomwa. Orodha ya maradhi ikachapishwa katika kanuni mwaka 1968. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ikaongeza nguvu katika kesi ya mtu wa kabila la Papago huko Arizona, aliyekosa kipato baada ya mgomo kusimamisha mgodi wa shaba alikofanya kazi. Alinyimwa msaada kwa sharti lililoandikwa ndani ya kitabu cha ofisi ambacho hakikuchapishwa. Majaji walisema sharti la aina hiyo haliwezi kumnyima mtu haki yake.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Ila uchapishaji wa kanuni uliwafundisha wakubwa jambo jingine: kanuni ikiwa wazi, nafasi ya kukaza mkono bila kuonekana hubaki katika namna inavyotumika. Utaratibu wenyewe ulikuwa wa hatua tano. Je, mwombaji anafanya kazi? Je, ugonjwa wake ni mzito? Je, unafikia au kulingana na orodha? Kama haufikii, je, anaweza kurudia kazi yake ya zamani? Na kama hawezi, je, kuna kazi nyingine anayoiweza kwa umri, elimu na uzoefu wake? Kati ya hatua ya tatu na ya nne mchunguzi alipaswa kukaa na faili la huyu mtu mmoja na kupima nini bado anakiweza: kukaa na wenzake, kufuata maelekezo, kustahimili karipio la msimamizi, kufika kazini kila siku. Kwa wagonjwa wa akili hapo ndipo penye uzito wote, maana mtu anaweza asifikie orodha na bado asimalize juma moja kiwandani. Kuanzia mwaka 1978 hatua hiyo ilirukwa kimyakimya. Ilichukuliwa kwamba asiyefikia orodha anaiweza kazi isiyohitaji ujuzi.

Hakuna tangazo lililotoa amri hiyo, na njia iliyotumika inafaa kutazamwa kwa karibu. Maombi huamuliwa kwanza na ofisi za majimbo, kisha wakaguzi wa serikali kuu huchagua baadhi ya mafaili na kuyapitia. Mchunguzi wa jimbo akimkubalia mgonjwa asiyefikia orodha, faili lilimrudia likiwa na karatasi ya kumsahihisha. Likirudi mara ya pili na ya tatu kwa sababu ileile, alielewa, na mafaili yaliyofuata akayaamua kama wakubwa walivyotaka. Nyaraka za ndani zilikazia somo hilo. Madaktari washauri wa ofisi walijikuta wakisukumwa kutoa hitimisho lisilolingana na taaluma yao. Ukimuuliza yeyote kati yao ni kanuni gani imebadilika, angejibu kwa haki kabisa kwamba hakuna. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite.

Juu ya hilo likaja wimbi la kuwakagua upya wanaolipwa. Bunge lilikuwa limeagiza ukaguzi huo mwaka 1980, na utawala wa Ronald Reagan ukauharakisha kuanzia Machi 1981. Katika miaka mitatu karibu watu nusu milioni waliambiwa hawastahili tena, na takriban 200,000 kati yao walirudishwa baada ya kukata rufaa. Jiji la New York halikuhitaji kusubiri takwimu: waliofutwa walionekana katika hospitali na malazi ya umma ambayo jiji ndilo lililoyalipia. Jiji, jimbo na baadhi ya wagonjwa wakafungua shauri. Mwaka 1984 Jaji Jack Weinstein, baada ya kupitia nyaraka za ndani na kumbukumbu za mafaili yaliyorudishwa, aliona wazi kwamba sera ya siri ilikuwapo, na kwamba ilikuwa kinyume cha sheria. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho bila kura hata moja ya kupinga, 402 kwa 0 na 99 kwa 0, na orodha mpya ya magonjwa ya akili ikachapishwa mwaka 1985.

Serikali ilipofika Mahakama ya Juu haikung'ang'ania kuitetea sera. Ilisema wengi wa walalamikaji walichelewa: siku 60 zilipita, wengine hawakumaliza ngazi zote za rufaa. Hukumu ya Juni 1986, iliyoandikwa na Jaji Lewis Powell na kuungwa mkono na majaji wote, ilijibu kwamba muda hauwezi kumhesabikia mtu wakati serikali yenyewe ndiyo iliyoficha kosa analopaswa kulilalamikia. Naiona hukumu hii kuwa muhimu kuliko mahali inapotajwa kwa kawaida, yaani katika madarasa ya sheria kuhusu ukomo wa muda. Ilikiri kwamba rufaa ni chombo kinachoendeshwa kwa taarifa. Mwombaji aliyenyimwa kwa kigezo asichokijua ataleta ushahidi wa jambo lisilobishaniwa, atashindwa, na kushindwa kwake kutahesabiwa kama uthibitisho kwamba hakustahili.

Pingamizi la zamani kuliko yote ni kwamba ukiviweka vigezo hadharani umewafundisha watu kuigiza. Si hoja ya kipuuzi. Idadi ya waliokubaliwa kwa mwaka iliongezeka sana baada ya 1968 na kufikia takriban 592,000 mwaka 1975. Lakini miaka hiyohiyo uchumi ulidorora na mafao yakapandishwa kwa asilimia 20 mwaka 1972, mambo mawili yanayotosha kuleta waombaji bila kumlaumu mchapishaji. Tena kufikia mwaka 1980 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 400,000, na orodha ilikuwa wazi vilevile. Zaidi ya hapo, kigezo kizuri hudai vitu visivyoigizwa kirahisi: picha za eksirei, vipimo vya damu, kumbukumbu za kliniki za miaka. Kujua kwamba ofisi inataka kumbukumbu za miaka miwili hakumpi mtu miaka miwili ya kumbukumbu. Kwa upande mwingine, siri huwafaidi wachache: aliyewahi kufanya kazi ofisini humo na sasa anauza maarifa yake kama mwakilishi wa waombaji, na mwenye ndugu anayemnong'oneza. Mbinu za kuchunguza jinai ni jambo jingine, na sheria ya Marekani yenyewe inaruhusu zifichwe.

Wengine husema watumishi wanahitaji faragha ya kushauriana. Wanaihitaji, naam. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu iliweka mpaka unaoeleweka: mapendekezo na mabishano kabla ya uamuzi yanaweza kulindwa, lakini maelekezo ambayo ofisi inayatumia kama sheria yake ya kila siku hayalindwi. Karatasi ya kumsahihisha mchunguzi iko upande wa pili wa mpaka huo.

Pingamizi linalonitaabisha zaidi ni la tatu. Leo miongozo ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii iko karibu yote kwenye intaneti, maelfu ya kurasa, na mgonjwa wa kawaida hawezi kuzisoma, sembuse kuzielewa. Uwazi huo una faida gani? Nakubali kwamba kumwaga karatasi si kumwarifu mtu. Hata hivyo mgonjwa si lazima asome mwenyewe. Ni mawakili wa msaada wa kisheria, waandishi na watumishi wa jiji waliokusanya ishara za sera ya siri, na wangeikamata mapema zaidi kama nyaraka zingekuwa wazi. Wasomaji mia moja wenye bidii wanatosha kuwalinda waombaji milioni, mradi wawe na cha kusoma.

Siri, hata hivyo, imehama nyumba. Katika hatua ya tano ofisi humwita mtaalamu wa ajira aeleze ni kazi zipi mwombaji anaziweza na ziko ngapi nchini. Kwa miongo mingi wataalamu hao wameegemea kamusi ya kazi ya serikali iliyorekebishwa mara ya mwisho mwaka 1991. Ni Juni 2024 tu ndipo Mamlaka ilipotangaza kuacha kutumia kazi 114 zilizomo humo kwa kuwa zimekaribia kutoweka. Idadi za kazi, kwa upande wake, huenda zikatoka katika kabati la mtaalamu binafsi. Katika kesi iliyoamuliwa Aprili 2019, mtaalamu alidai kuna kazi 240,000 za kuunganisha vifaa mezani na 120,000 za kuchambua bidhaa. Alipotakiwa kuonyesha utafiti wake mwenyewe alikataa, akisema ni siri za wateja wake. Kwa kura 6 dhidi ya 3 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Elena Kagan, ilisema kukataa huko peke yake hakuufanyi ushahidi kuwa batili. Majaji Neil Gorsuch na Ruth Bader Ginsburg, ambao si mara nyingi walikaa upande mmoja, walipinga pamoja, na Sonia Sotomayor akaandika pingamizi lake. Mimi niko nao. Ikiwa serikali haiwezi kumnyima mtu kwa waraka iliouficha, haipaswi kumnyima kwa waraka iliouacha ufichwe na mtu iliyemlipa.

Mahakama hiyo, hata hivyo, haikufunga mdomo wa mwombaji. Msomaji uliyeko Marekani: ukinyimwa, omba faili lako lote, si barua peke yake. Soma kigezo cha ugonjwa wako katika kanuni zilizochapishwa. Siku ya kusikilizwa, wewe au mwakilishi wako mwulizeni mtaalamu alikozitoa idadi zake, na hakikisheni swali na jibu vimeingia katika kumbukumbu. Siku ni zilezile 60, pamoja na tano zinazohesabiwa kwa ajili ya posta.