Pete ya uchumba yenye almasi: kagua haya kabla ya kutoa fedha

Malipo ya tumbaku yakishaingia, posa na harusi nazo huanza kupangwa. Ndipo wasikilizaji wetu wa Urambo, Sikonge na Kaliua wanapotuuliza: nimeonyeshwa pete yenye almasi, au kijiwe kinachosemekana kimetoka Mwadui, nitajuaje kama ni halisi? Tumeandika jibu hapa ili ubaki nalo kwenye simu yako.

Swali hili si geni Tabora. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupita hapa kwenda Ujiji ilibeba shanga zilizotumika kama fedha, na kila eneo lilipenda rangi na aina yake. Aliyekosea kuchagua alibaki na mzigo usio na mnunuzi.

Kijiwe ghafi usikinunue

Almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940 na mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson. Kwa kuwa Mwadui si mbali na kwetu, mtu akikwambia mfukoni ana almasi ya huko, ni rahisi kumwamini. Lakini Sheria ya Madini hairuhusu kununua wala kukaa na madini ghafi bila leseni. Kijiwe kikiwa halisi, umefanya kosa. Kikiwa kipande cha chupa, utaona aibu hata kwenda kushtaki.

Tena jiwe ghafi hupungua sana likichongwa. Almasi ya waridi ya Mwadui aliyozawadiwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5. Baada ya kuchongwa zilibaki 23.6.

Vipimo vinne vya ubora

1. Mkato. Hiki ndicho kinacholeta mng'ao. Jiwe lililochongwa vizuri hurudisha mwanga juu kwenye jicho lako. Lililochongwa vibaya huonekana lina giza katikati, hata likiwa kubwa.

2. Rangi. Hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano. Kwenye pete ya dhahabu ya njano, umanjano kidogo hauonekani, hivyo si lazima ulipie herufi za juu.

3. Usafi. Almasi nyingi zina dosari ndogo ndani. Wataalamu huzitazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Kwa mnunuzi wa kawaida, inatosha kama macho matupu hayaoni dosari.

4. Uzito. Karati 1 ni gramu 0.2. Bei hupanda haraka kuliko uzito: jiwe moja la karati 1 huwa ghali kuliko mawili ya nusu karati yenye ubora uleule.

Usichanganye karati hii na ile ya dhahabu, ambayo hupima usafi wa dhahabu yenyewe. Ndani ya pete tafuta muhuri: 750 ni dhahabu ya karati 18, na 585 ni ya karati 14. Namba 925 ni fedha, siyo dhahabu.

Majaribio ya nyumbani

Wapo wanaosema almasi halisi haivunjiki kwa nyundo. Si kweli. Almasi ni ngumu kuliko mawe mengine yote kwa kukwaruzwa, lakini ikigongwa hupasuka. Kukwaruza kioo nako hakuthibitishi kitu, kwa sababu hata mawe ya kawaida ya kwatzi hukwaruza kioo.

Unaweza kulipumulia jiwe. Ukungu kwenye almasi hutoweka mara moja, ila kwenye kioo hukawia. Jaribio hili linaweza kukuonyesha kioo, lakini halitoshi kuthibitisha almasi. Jiwe liitwalo moisanaiti hudanganya hata baadhi ya vifaa vya kupimia vya masonara. Kuna pia almasi za maabara. Hizo ni almasi kweli, ila bei yake ni ndogo sana, na macho hayawezi kuzitofautisha na za ardhini.

Karatasi ndiyo kinga yako

Nunua kwa sonara mwenye duka na leseni. Dai risiti iliyoandika aina ya jiwe, kama ni la ardhini au la maabara, uzito wake na karati za dhahabu. Kwa jiwe kubwa, omba cheti cha maabara inayotambulika, kama GIA ya Marekani, na uhakiki namba yake kwenye tovuti yao. Muuzaji akikataa kuandika anachokitamka, mshukuru uondoke.

Fedha zikiwa hazitoshi, pete ya dhahabu isiyo na jiwe, yenye muhuri na risiti, ni ya heshima. Wakwe watauliza habari za ng'ombe kabla ya kuuliza habari za almasi.