Fistula ya karotidi na sainasi ya kavenosi

Fistula hii ni njia isiyo ya kawaida kati ya ateri ya karotidi, au matawi yake, na sainasi ya kavenosi, mkusanyiko wa vena ulio nyuma tu ya tundu la jicho. Kasoro imo ndani ya fuvu, lakini linaloumbuka ni jicho. Damu ya ateri hurudi kinyume ndani ya vena za jicho, nalo hutokeza nje na kudunda pamoja na moyo. Mishipa myekundu iliyojisokota hufika hadi ukingo wa konea. Mgonjwa husikia mvumo kichwani, na stetoskopu ikiwekwa juu ya kope daktari naye huusikia. Katika fistula nyepesi mvumo huweza kukosekana, na mgonjwa akapewa matone ya macho mekundu yasiyofua dafu.

Mwaka 1985 Daniel Barrow na wenzake waliigawa katika aina nne. Aina A, ya moja kwa moja, aghalabu hutokana na ajali iliyochana ukuta wa karotidi. B, C na D hulishwa na matawi madogo ya utando wa ubongo, na baadhi hujifunga zenyewe.

Tiba ilijaribiwa mapema zaidi: mwaka 1809, jijini London, Benjamin Travers alifunga karotidi shingoni akidhani kasoro imo katika tundu la jicho lenyewe. Mgonjwa alipona, ila mbinu hiyo haizibi penyewe palipotoboka: ateri nyingine huendelea kuilisha fistula, na katheta ya baadaye hukosa pa kupita. Mwaka 1974 Fedor Serbinenko wa Moscow alichapisha mbinu ya puto linaloachwa ndani ya mshipa.

Leo katheta huingizwa kinenani na fistula huzibwa kwa koili za platinamu. Njia ya vena kutoka kinenani ikiwa haipitiki, hupasuliwa mkunjo wa kope la juu ili kuifikia vena kubwa ya jicho. Kuziba njia ya kutokea tu, huku ya kuingilia ikiachwa wazi, ni hatari: damu huweza kuelekea vena za ubongo.

Wenye fistula nyepesi, ikiwa karotidi yao haina utando wa mafuta, huweza kufundishwa kuibana kwa mkono wa upande wa pili. Ubongo ukipungukiwa damu, mkono huo hulegea na kuachia wenyewe.

Fistula ikizibika mvumo hukoma papo hapo; kwa mgonjwa aliyekuwa akiona vitu viwiliviwili, hali hiyo huchukua wiki au miezi kuisha.