Blues Ilizaliwa Ikichezwa

Kila kizazi cha wazee huwafungulia vijana shtaka lile lile: mmeuharibu muziki wetu. Leo nazungumzia kesi ambayo mzee mwenyewe alikaa kizimbani.

Mwaka 1998 mpiga gitaa R.L. Burnside wa Mississippi, Marekani, akiwa na miaka 71, alitoa albamu iitwayo Come On In. Mtayarishaji Tom Rothrock alichukua sauti na gitaa la mzee huyo, akavikata vipande vipande na kuvirudiarudia juu ya mapigo ya mashine, kama yale ya disko na hip hop. Wapo walioona kwamba blues imechafuliwa.

Mimi nauliza: blues ipi? Katika vilima vya kaskazini ya Mississippi, alikozaliwa Burnside mwaka 1926, blues haikuwa muziki wa kusikiliza watu wamekaa kitako. Ilipigwa Jumamosi usiku kwenye vilabu vya pombe, ili watu waliochoshwa na kazi ya shamba wacheze. Ndiyo maana gitaa la huko halihamihami. Hushika mkong'osio mmoja na kuurudia mpaka miguu iamke yenyewe. Alichofanya Rothrock kwa mashine, mzee alikuwa akikifanya kwa vidole miaka mingi kabla yake.

Na hebu tutazame maisha yake. Alilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Alihamia Chicago, huko baba yake na ndugu zake wawili wakauawa, akarudi kwao. Alirekodiwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1960, akipiga blues ile ile inayosifiwa kuwa safi. Usafi huo haukumtoa shambani. Jina lake lilienea katika miaka ya 1990, umri wake ukiwa umepita miaka 60.

Sikatai kwamba mashine ina hasara. Haimsikilizi mpigaji, wala haimwitikii. Jukwaani, Burnside alikuwa na mjukuu wake, Cedric, kwenye ngoma, na hao wawili waliitikiana.

Mzee alifariki mwaka 2005. Mwaka 2022 Cedric, sasa akipiga gitaa, alishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya blues ya jadi. Nyumba iliyoshtakiwa kwa kuharibu jadi ndiyo iliyoitunza. Muziki wa kuchezwa hufa siku watu wanapoacha kuucheza.