Kebo ya spidomita: waya wa data katika magari ya kale ya Kericho

Leo tuiweke kompyuta kando kidogo, ingawa hatuendi mbali nayo. Nataka kuzungumzia kebo ya spidomita, ule waya unaotoka kwenye giaboksi hadi dashibodini katika magari ya zamani. Ukipita Kericho, Litein, Kapkatet hadi Bomet, katikati ya mashamba ya chai, bado utakutana na Peugeot 504 na Land Rover za enzi hizo. Ukichungulia ndani, si ajabu ukute mshale umelala kwenye sifuri huku gari linapanda mlima.

Kwa sisi watu wa programu, hii ni njia ya data. Ujumbe unaopita humo ni wa aina moja tu: mzunguko. Hakuna umeme, hakuna betri. Ndani ya ganda kuna waya wa chuma uliosokotwa kwa tabaka, kila tabaka likisokotwa kinyume cha lililo chini yake ili waya usifumuke ukizungushwa. Ncha zake ni za mraba. Moja inashikwa na gia ndogo kwenye giaboksi, nyingine inaingia nyuma ya spidomita. VW Beetle, ambayo haikosi vituko, huchukua mzunguko wake kwenye gurudumu la mbele la kushoto: ncha ya kebo inapenya katikati ya kifuniko cha grisi na kuzuiwa na pini.

Spidomita yenyewe inatokana na wazo la Mjerumani Otto Schultze, aliyeomba hataza mwaka 1902. Kebo inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini bila kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku, lakini sumaku ikizunguka huamsha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukiburuta kikombe kifuate. Springi nyembamba inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe, basi kasi ikizidi, unapanda. Odomita, zile tarakimu zinazohesabu umbali, haina habari na sumaku: inaendeshwa na meno ya gia moja kwa moja. (Hata Charles Babbage, yule wa mashine za kukokotoa, aliwahi kufunga kalamu na karatasi kwenye behewa la treni Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1830 ili kurekodi mwendo na mitikisiko. Watu wetu hawa kazi ni ile ile tangu zamani.)

Sasa turudi Kericho, maana hapa ndipo alipozaliwa Joginder Singh mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na Joginder alizishinda mara tatu: 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Hakukuwa na GPS. Msoma ramani alitegemea kuambiwa umbali: baada ya maili kadhaa, kata kushoto. Kwa hiyo magari mengi ya rali za enzi hizo yalifungwa kifaa cha Halda kutoka Sweden, kilichohesabu umbali kwa mzunguko wa kebo hiyo hiyo ya spidomita, ikigawanywa njia mbili. Kilikuwa na gia za kubadilisha ili hesabu ilingane na matairi ya gari husika. Kebo ikikatika usiku kwenye matope, ramani nayo imepofuka.

Gia zile za kubadilisha ndizo zinanivutia zaidi. Kila spidomita ya aina hii ina namba iliyofichwa ndani ya muundo wake: kebo izunguke mara ngapi kwa maili moja, au kwa kilomita moja. Mara nyingi imeandikwa kwenye uso wake kwa herufi ndogo, na watu hawaisomi. Tuseme giaboksi inazungusha kebo mara 1,000 kwa maili, halafu fundi anakufungia spidomita ya gari jingine inayotaka mizunguko 1,000 kwa kilomita. Ncha zinaingia vizuri, nati inakaza, mshale unapanda. Ukisoma 60, wewe uko karibu 97 kwa saa. Mteremko wenye kona, mvua ya alasiri ya Kericho, lori la majani chai mbele yako. NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter mwaka 1999 kwa kosa la ukoo huo huo, vipimo vya Kiingereza kuchanganywa na vya metriki.

Kwa maoni yangu mshale uliokufa ni afadhali kuliko mshale unaodanganya.

Kabla ya kununua kebo, tafuta kosa liko wapi kwa kuligawa. Odomita inahesabu lakini mshale haupandi? Kebo ni nzima, ugonjwa uko kwenye spidomita. Vyote vimekufa? Fungua kebo nyuma ya dashibodi, zungusha gurudumu linaloiendesha, utazame kama ncha inazunguka. Mshale unaochezacheza ni dalili ya kebo kavu au iliyopindwa. Mpya ipitishe pale pale ilipopita ya zamani, bila kona kali, mbali na ekzosi, na urudishe raba ya tundu la ukutani, la sivyo maji na vumbi la murram vitaingia. Grisi paka kidogo, na uache wazi sehemu ya juu, kwa sababu ikizidi hupanda na waya hadi kwenye sumaku na kikombe.

Halafu linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Andika pia tarehe na tarakimu za odomita siku hiyo, mahali ambapo mwenye gari anayefuata ataona. Miaka ambayo kebo ilikuwa imekatika, gari lilitembea lakini halikuhesabiwa, na atakayelinunua atapanga matengenezo ya injini kwa namba hiyo.