Malale na Mlango wa Ubongo

Kabla mji wa Kalemie haujaacha kuitwa Albertville, mbung'o wa ufuo wa Ziwa Tanganyika walikwisha kueneza malale, ugonjwa uliowafunza madaktari kuwa dawa kuingia mwilini si kuingia ubongoni. Mwaka 1906 Robert Koch alianza kuwadunga wagonjwa wa visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, atoksili yenye aseniki. Vimelea vilitoweka damuni, mgonjwa akapata nafuu. Kisha usingizi ukamrudia, na wengine wakapofuka. Kumbe tangu 1885 Paul Ehrlich alikwisha kuona kwamba rangi aliyodungwa mnyama hupaka viungo vyote, ila ubongo hubaki mweupe. Kuna ukuta.

Hoja yangu ni kwamba kuupenya ukuta huo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kile anacholipa mgonjwa. Tripasamidi, dawa aliyoijaribu Louise Pearce mjini Léopoldville mwaka 1920, ilipenya, lakini iliharibu macho. Melasoproli ya 1949 iliponya hata aliyekwisha kulemewa, ila kiyeyusho chake kiliunguza mishipa na kula plastiki, hivyo ikahitaji bomba la kioo. Katika kila wagonjwa 20, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe.

Sasa watafiti wanafungasha dawa katika chembe za mafuta ndogo mno, za jamii ile iliyobeba chanjo za Korona. Zikidungwa mshipani, nyingi huishia kwenye ini. Ndiyo maana wanazivika protini ambazo vipokezi vya ukuta wa ubongo huzitambua na kuzivusha. Atakayepinga atauliza: kwa nini tujisumbue, wakati dawa ya malale ya feksinidazoli, iliyoidhinishwa Kongo mwaka 2018, ni vidonge vya siku 10 tu na hufika ubongoni bila kubebwa? Ni kweli, lakini molekuli yake ni ndogo. Maagizo ya kijenetiki, ambayo chembe hizo zinaweza kuyabeba, ni makubwa, hayapiti bila chombo.

Hata hivyo pingamizi hilo linatupa kipimo. Vidonge hivyo vinadai mgonjwa awe amekula, basi, havidai dripu. Chanjo ya kwanza ya Korona ya Pfizer, iliyobebwa na chembe za jamii hiyo, ilidai kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Chembe itakayovuka ukuta wa ubongo maabarani, kisha ikaharibika kwa joto kabla ya kufika kijiji cha ng'ambo ya Kalemie, itakuwa imerudia kosa la bomba la kioo.